Wanakondoo Wawili wa Brasher

Aprili ikifika, mvua ikishalowesha udongo na jua likaanza kuupasha moto, watu wa Orley huwa hawaaminiani. Majirani wanaosaidiana kuvuna mahindi, wanaokimbiliana ghala likishika moto, wiki hizo hudanganyana macho makavu. Ni msimu wa uyoga wa msituni, ule wenye kichwa kama sega la nyuki, na huku kusini mwa Indiana kila ukoo una mahali pake pa kuuchuma. Mahali hapo hapatajwi. Mzee humwachia mwanawe siri hiyo akiwa kitandani anakaribia kufa, baada ya kumaliza habari za shamba na ng'ombe.

Rhonda Teague, msichana wa miaka kumi na miwili, alikulia ndani ya siri hiyo. Kila siku ya Aprili alishuka kwenye basi la shule, akatupa mkoba jikoni, akavaa mabuti na kuchukua mfuko wa wavu uliokuwa wa vitunguu. Bibi yake, Opal, ndiye aliyemlea tangu mama yake ahamie mjini kutafuta kazi. Rhonda alipotoka nje, Bibi alikuwa tayari ndani ya pikapu, injini inanguruma.

"Binamu yako Dwight amekuuliza tena leo?"

"Ameniuliza kwenye basi. Kasema nimwambie tu kama ni kaskazini au kusini."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia kaskazini. Akasema mimi muongo. Nikamwambia basi kusini. Akasema muongo vilevile. Nikamwambia, sasa kama unajua majibu mbona unauliza?"

Bibi Opal alicheka mpaka akakohoa. Kudanganya habari za uyoga hakukuhesabiwa uongo. Hata mchungaji wa kanisa lao alikuwa na mahali pake, na akiulizwa, hutazama dari.

Bibi alikuwa na ujanja wake. Hakuegesha gari karibu na msitu. Aliliegesha juu barabarani, kwenye nafasi ya kupumzikia wasafiri, penye kibao cha kumbukumbu. Anayepita akiliona gari la Opal pale, atasema mzee wa watu kaja kusoma historia. Wakasimama mbele ya kibao, mikono nyuma, kama watalii. Kilikuwa kibao kikubwa cha chuma juu ya nguzo, herufi zake zimeinuliwa na kupakwa rangi ya dhahabu:

KIJIJI CHA BRASHER. MAJIRA YA BARIDI YA MWAKA 1906 DONDAKOO LILIUA WATOTO WA SHULE YA KIJIJI HIKI. WALIOBAKI WALIHAMA. WATOTO WAMELALA MAHALI HAPA.

Rhonda alikuwa amekisoma mara nyingi hata hakukiona tena. Barabara iliponyamaza, waliruka ukingo wa chuma na kuteremka bondeni.

Mahali pa akina Teague palikuwa mbali chini, ng'ambo ya kijito, penye miti mikubwa iliyokauka ikisimama bila magome. Uyoga ulipenda kuota kwenye mizizi yake. Palikuwa na mwerezi mmoja mzee, na chini ya mwerezi palikuwa na mawe. Mengine yameanguka kifudifudi, mengine yamemezwa na majani. Mawili yalisimama yakitazamana, na juu ya kila moja alichongwa mwanakondoo amelala, amekunja miguu. Rhonda alipochoka kuchuma, alikaa juu ya moja la mawe hayo, akala mkate wake uliopakwa siagi ya karanga, mgongo ameuegemeza kwenye mwerezi. Kidole chake kilikuwa kimezoea kufuata herufi zilizobaki ubavuni: L, E, T, kisha jiwe limemomonyoka.

"Bibi, hawa si ndio wale watoto wa kwenye kibao?"

Bibi Opal alikuwa ameinama, anakata uyoga kwa kisu kidogo. "Huenda."

"Mbona kibao kinasema wamelala kule juu?"

"Kwa sababu kule juu ndiko penye nafasi ya kuegesha gari. Ungetaka wakisimike huku, kisomwe na kulungu?" Alinyoosha mgongo. "Na wewe, hapa tumefika lini?"

Hilo lilikuwa swali la kila mwaka, na jibu lake Rhonda alilijua tangu akiwa na miaka minne.

"Hatujawahi kufika, Bibi."

"Hapo sawa."

Katika nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi Bi Hester Crowe, mjane anayekaribia miaka themanini, mwembamba, mwenye sauti kavu. Rhonda alimfyekea nyasi siku za Jumamosi. Mwisho wa Mei, Siku ya Kupamba Makaburi, ilikuwa kazi ya Rhonda pia kumbebea maua. Bi Hester alikata maua makubwa ya rangi ya waridi kutoka bustanini, akayatia kwenye makopo ya kahawa yaliyofungwa karatasi ya rangi ya fedha, na wakaenda kwa gari lake mpaka kwenye kibao. Kopo moja kulia, kopo moja kushoto. Mwaka baada ya mwaka.

Mwaka huo Bi Hester hakushuka garini. Alikaa akikitazama kibao kupitia kioo.

"Unaona walivyopanua hii nafasi ya magari?" alisema. "Vuli iliyopita walichimba yote, wakazika bomba. Nilikuja na kiti changu nikakaa kuwatazama. Nilitaka wakiwapata wale watoto wawatoe kwa heshima."

"Wakawapata?"

"Udongo mwekundu mtupu, mwanangu. Haujaguswa tangu Mungu auweke. Maisha yangu yote nimekuwa nikiwapelekea maua watu wasiokuwapo."

Ndipo alipomweleza Rhonda. Brasher ndiko alikozaliwa. Dondakoo lilipoingia, yeye alikuwa bado ananyonya. Kaka yake Amos alikufa Jumapili, dada yake Lettie akamfuata wiki ileile. Baba alimlipa fundi wa mawe awachongee wanakondoo wawili, akawaweka wakitazamana chini ya mwerezi, wasiogope giza. Kisha wakahama, na mama yake hakukubali kurudi hata kutazama. Alimwachia Bi Hester maneno hayo tu: mwerezi, wanakondoo wawili.

"Sasa kampuni ya kuchimba mawe imenunua bonde zima," alisema Bi Hester. "Warithi wa ardhi wako mbali, wameuza bila hata kuja. Bwana Merle, msimamizi wa tarafa, anasema sheria inawakataza kuchimba penye makaburi, lakini lazima mtu aonyeshe makaburi yenyewe yako wapi. Yeye amekwenda mara moja, miiba imemshinda, amerudi. Ramani ya zamani hakuna. Nimeuliza kanisani, nimeuliza dukani. Watu wote wanaingia msituni humu kila Aprili, na hakuna aliyewahi kuona jiwe." Alimgeukia Rhonda. "Wewe unazunguka sana na bibi yako. Hujawahi kuona mawe yenye kondoo?"

Kidole cha Rhonda kilisisimka, kama kwamba kiko juu ya zile herufi. L, E, T. Alijua. Alijua kuliko alivyowahi kujua jibu lolote darasani. Lakini mdomo wake ulikuwa umefundishwa kabla ya kichwa chake.

"Hapana, Bi Hester."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Bi Hester alitikisa kichwa taratibu, akashuka, akaweka makopo yake palepale. Alisema hajui mahali pengine pa kuyaweka.

Jioni hiyo Rhonda hakula. Aliisukuma nyama huku na huku kwenye sahani mpaka Bibi Opal akaweka uma chini.

"Sema, mtoto. Uso kama umemeza buibui."

"Bibi, lile jiwe ninalokalia. Ni la dada yake Bi Hester."

Bibi Opal alisogeza sahani yake. Akainuka, akaanza kuosha sufuria iliyokuwa safi.

"Umemwambia?"

"Sijamwambia."

"Vizuri. Sikiliza. Babu yako alinionyesha mahali pale tulipochumbiana, na hata dada zake hawapajui. Tukisema leo, kesho Merle atakuja na watu wa magazeti, na Aprili ijayo utakuta kaunti nzima inakanyagana pale na mifuko. Na hiyo kampuni inaanzia upande wa mashariki. Kufika kwenye mwerezi ni miaka. Bi Hester wakati huo..." Hakumaliza.

"Atakuwa amekufa," alisema Rhonda.

"Mimi sikusema hivyo."

"Lakini ndivyo ulivyotaka kusema."

"We mtoto! Nenda kalale."

Juni ikapita. Tangazo la Bwana Merle lilibaki limebandikwa posta na kwenye duka la vyakula vya mifugo: ajuaye makaburi yoyote bondeni aje aseme kabla ya mwezi kwisha. Kila Rhonda alipoingia posta alijifanya anasoma tangazo la kuuza mbwa lililokuwa pembeni. Siku za Jumamosi alifyeka nyasi za Bi Hester haraka haraka na kukataa maji baridi ya limau. Mwezi ukaisha.

Julai baruti zikaanza. Mlio wa kwanza uligonganisha vikombe kabatini mwa Bibi Opal. "Huko mashariki," alisema bila kuulizwa. Ulipolia wa pili alifunga dirisha.

Asubuhi moja Rhonda hakuweza tena. Alichukua baiskeli mpaka kwenye kibao, akaiegemeza kwenye nguzo, akateremka mbio. Alipovuka kijito alidhani amepotea. Miti iliyokauka haikuwapo. Kampuni ilikuwa imeanzia mashariki kweli kwa baruti, lakini katapila lilitangulia kuondoa udongo wa juu, na katapila halitambui mashariki wala magharibi, husukuma tu. Mwerezi ulikuwa umelala ubavu juu ya lundo la matope na mizizi. Chini ya lundo, mwanakondoo mmoja alichungulia, sikio limekatika. Rhonda alikwangua tope kwa kucha. A, M, O.

Alitafuta wa pili. Aliinua mawe mpaka mikono ikatoka damu. Dereva wa katapila alizima injini na kupaza sauti, "We binti, unataka nikuzike? Toka hapo!"

"Hapa pana makaburi!"

"Makaburi gani? Imetangazwa mwezi mzima, hakuna aliyesema kitu!"

Rhonda aligeuka. Alipanda mlima, akachukua baiskeli, na hakuenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Hester, akamkuta barazani anamenya maharage mabichi.

"Bi Hester, nilikudanganya," alisema akihema. "Niliyaona. Naenda pale kila mwaka. Ni mahali petu pa uyoga. Amos yuko kwenye lundo. Lettie simpati."

Bi Hester hakupiga kelele. Aliweka bakuli chini. Macho yake yalikwenda kwenye mikono ya Rhonda, kwenye damu na tope, yakakaa hapo.

"Nilikuuliza mara mbili," alisema.

"Ndiyo."

"Ukanijibu mara mbili."

"Ndiyo, Bi Hester."

"Nipe viatu vyangu."

Walikwenda kwa Bwana Merle, mtu mnene aliyekuwa anakula mayai. Hakumaliza mayai. Kabla ya saa sita alikuwa bondeni na askari wa kaunti, na katapila limesimamishwa. Baadaye walikuja watu wa serikali ya jimbo na fimbo zao za kupimia na kamba. Walikuta nusu ya makaburi hayajaguswa, upande wa kijito. Nusu ya pili ilikuwa imesukumwa, na sehemu ya udongo wake ilikuwa imeshapakiwa kwenye malori kwenda kujaza mashimo ya barabara. Walipekua lundo siku nyingi. Jiwe la Lettie halikuonekana.

Siku ile ya kwanza, jioni, Bibi Opal aliyasikia yote dukani kabla Rhonda hajafika nyumbani. Alimngoja mlangoni.

"Umeuza mahali pa babu yako."

"Hakuna mahali, Bibi. Nenda ukaone. Hakuna uyoga, hakuna mwerezi, hakuna kitu. Tulikuwa tunalinda nini?"

Bibi Opal aliondoka mlangoni. Alichukua koti lake, ingawa kulikuwa na joto, akatembea mpaka nyumba ya tatu. Rhonda alimfuata akabaki kwenye ngazi za baraza, na sauti zikamfikia kupitia wavu wa mlango.

"Ulijua, Opal?"

"Mawe niliyajua. Majina sikuwahi kuyasoma."

"Hukuwahi kuyasoma, au hukutaka?"

Saa ya ukutani ilisikika.

"Sikutaka," alisema Bibi Opal. "Ningeyasoma ningelazimika kusema."

"Tumekaa benchi moja kanisani tangu tukiwa wasichana."

"Najua, Hester."

"Basi Jumapili kaa benchi jingine."

Na Bibi Opal akakaa benchi jingine. Mji mzima uliona. Shule ilipofunguliwa, kwenye basi Dwight hakuuliza tena kaskazini wala kusini. Alisema, "Sogeeni, mwenye makaburi anataka kukaa," na watoto walisogea kweli, wakamwachia kiti kizima. Waliosogea mbali zaidi walikuwa wale ambao wazazi wao nao walikuwa wakichuma uyoga bonde lile, miaka yote, wakapita penye mawe yale na kutazama pembeni. Hilo Rhonda alilitambua taratibu. Hawakuwa akina Teague peke yao.

Bwana Merle alipoitisha mkutano wa tarafa kuhusu kibao, ukumbi ulijaa. Wengine walitaka kibaki kilivyo. Mwenye mkahawa alisema wasafiri wamekizoea, na herufi mpya ni gharama bure. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Sasa nani ana uhakika watoto hawakuzikwa kule juu? Kibao kimesema." Watu wakaguna kukubali.

Rhonda alisimama. Bibi Opal, aliyekuwa kando yake, alimshika sketi. Kisha akaiachia.

"Mimi nina uhakika," alisema Rhonda. "Nimekaa juu ya kaburi nikala mkate. Nilipoulizwa nilisema sijaona. Na humu ndani kuna watu wanajua nasema kweli, kwa sababu nao wamepita pale na mifuko yao."

Wanaume walitazama kofia zao. Mchungaji alitazama dari. Halafu, mmoja mmoja, bila kuinua macho, watu walianza kunyoosha mikono. Hoja ya kukibadilisha kibao ikapita.

Kibao kipya kilisimikwa majira ya kuchipua yaliyofuata. Kilisema watoto wamelala bondeni, kikaonyesha njia, na kikaeleza kwamba sehemu ya makaburi iliharibiwa na machimbo. Hayo maneno ya mwisho Bi Hester aliyapigania mwenyewe. Jimbo lilitaka kuyafuta eti kibao kisiwe kirefu. Njia ilifyekwa, vidaraja vya mbao vikawekwa kwenye kijito, makaburi yaliyobaki yakazungushiwa uzio. Jiwe la Amos lilisimamishwa tena, mwanakondoo wake na sikio moja.

Siku njia ilipofunguliwa, watu walishuka wengi, wakapiga picha, wakapanda. Bi Hester alingoja waondoke. Kisha alimwita Rhonda, ambaye hakuwa amezungumza naye tangu kiangazi.

"Nipeleke."

Walishuka polepole. Bi Hester aliweka kiganja juu ya kichwa cha mwanakondoo wa Amos na kukiacha hapo muda. Halafu akainua uso.

"Walitazamana. Mwenzake alikuwa wapi?"

Rhonda alitazama. Alijaribu kuurudisha mwerezi mahali pake, na mizizi, na joto la gome mgongoni. Alipima kwa macho kutoka kwa Amos, akavuka uzio, akavuka ukingo wa machimbo. Kidole chake kilisimama kikionyesha mahali ambapo hapakuwa na ardhi. Palikuwa na hewa tu, na chini kabisa malori yalikuwa yakigeuka, madogo kama ya kuchezea.

"Pale," alisema. "Alikuwa pale."

Bi Hester alipatazama. Upepo wa machimbo ulileta vumbi jeupe likakaa kwenye nywele zao.

"Nisikilize vizuri, maana sitarudia," alisema hatimaye. "Waliosimika kile kibao hawakuwa watu wabaya. Walitafuta mahali pa kuegesha gari. Bibi yako si mtu mbaya. Alilinda kitu cha mumewe. Wewe ulimtii bibi yako. Yule dereva alisoma tangazo, akaona kimya. Nimetafuta mtu mbaya wa kumchukia mwaka mzima nimemkosa, na dada yangu hayupo."

Rhonda alikuwa analia. Bi Hester hakumwambia anyamaze.

"Kwa hiyo siku mtu atakapokuuliza jambo unalolijua, na ukaona kwake ni kubwa kuliko kwako, usigeuke kutazama watu wa nyumbani wanasema nini. Usingoje upate nafasi nzuri. Sema hapohapo. Ukweli ulioniletea Julai ulikuwa uleule ambao ungenipa Mei. Mei ungenitosha."

"Nitasema, Bi Hester. Naahidi."

"Usiniahidi mimi. Mimi sina tena cha kuuliza."

Akanyoosha mkono, akamshika Rhonda kwenye kiwiko. Haukuwa msamaha. Njia ilikuwa na utelezi, na kupanda bado kulikuwa kurefu.